Maswali ya Wasomaji: Kifundo Kilichoteguka, Magoti ya Mpagazi na Bega Lililokaza

Tangu mbio za Kilimanjaro zipite, barua nyingi zilizotufikia kutoka Moshi, Arusha na vijiji vya jirani zimehusu misuli, kano na viungo vilivyoumia, na karibu kila mwandishi anauliza iwapo apumzike au aendelee na shughuli zake. Tumezikabidhi kwa mtaalamu wa fiziotherapia anayefanya kazi Moshi. Majibu yake hayachukui nafasi ya uchunguzi wa ana kwa ana, na pale ambapo msomaji anapaswa kwenda hospitali bila kuchelewa, ameeleza hivyo waziwazi.

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mchezaji wa timu ya mtaani hapa Pasua. Jumamosi nilikanyaga shimo nikiwa nakimbilia mpira, mguu ukapinda kwa ndani na kifundo kikavimba palepale. Bibi yangu ananikanda kwa maji ya moto na chumvi na kunichua asubuhi na jioni, lakini uvimbe unazidi. Kocha anasema nijikaze kwa sababu tuna mechi muhimu. Nifanyeje? (Kijana wa Pasua, Moshi)

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na pole. Kwanza tuondoe shaka ya mfupa, kwa kuwa kifundo kilichovunjika na kilichoteguka huvimba kwa namna inayofanana na macho peke yake hayawezi kuvitofautisha. Jaribu kutembea hatua nne, hata kwa kuchechemea. Kisha bonyeza kwa kidole gumba ukingo wa nyuma wa ule mfupa unaojitokeza upande wa nje wa kifundo, kuanzia ncha yake ya chini hadi kama sentimita 6 kwenda juu, na urudie hivyohivyo upande wa ndani. Maliza kwa kubonyeza mfupa uliojitokeza ukingoni mwa wayo upande wa kidole kidogo, na ule wa katikati ya wayo upande wa ndani. Ukishindwa hatua hizo nne, au mojawapo ya mifupa hiyo ikiuma unapoibonyeza, nenda ukapigwe eksirei mara tu unaposoma jibu hili. Kipimo hiki kilibuniwa na madaktari wa Ottawa, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kinatumika katika hospitali nyingi duniani kwa sababu hakihitaji kifaa chochote zaidi ya mkono wenye uangalifu.

Ikiwa mfupa ni mzima, kilichoumia ni kano za upande wa nje, zile zinazozuia mguu usipinduke kwa ndani. Zinapovutwa kupita uwezo wake huchanika, kidogo au kabisa, na mishipa midogo ya damu iliyo karibu nayo hupasuka. Huo ndio uvimbe unaouona na ule weusi unaoshuka hadi vidoleni. Katika siku mbili tatu za mwanzo mishipa hiyo bado inavuja, na maji ya moto pamoja na kuchuliwa kwa nguvu huongeza uvujaji. Bibi anafanya hayo kwa upendo, nami nisingependa umjibu kwa maneno makali. Mwombe tu asubiri: uvimbe ukishatulia, kuchuliwa kwa upole na mafuta hakuna ubaya wowote.

Katika siku hizo za mwanzo, funga bendeji ya kuvutika kuanzia karibu na vidole hadi juu ya kifundo, ikaze bila kufanya vidole vife ganzi, na ukilala weka mguu juu ya mito ili uwe juu kuliko kifua. Barafu iliyozungushiwa kitambaa, kwa dakika 15 hivi, hupunguza maumivu, lakini usiitarajie iponye. Daktari Mmarekani Gabe Mirkin, ambaye mwaka 1978 alieneza kanuni ya kupumzika, kuweka barafu, kufunga na kuinua mguu, baadaye alibadili msimamo wake mwenyewe na kueleza kwamba barafu na mapumziko ya kupitiliza vyaweza kuchelewesha uponaji. Kano inayoungana inahitaji kuvutwa kidogokidogo ili nyuzi zake mpya zijipange kwa mwelekeo unaofaa, na mguu uliolazwa wiki tatu bila kuguswa huamka ukiwa mgumu na dhaifu.

Kwa hiyo, mara maumivu yanapokuruhusu, anza kuukanyagia mguu, ukitumia gongo ikibidi, na ukiwa umeketi chora herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu. Baadaye, kila unapopiga mswaki, simama kwa mguu ulioumia peke yake kwa sekunde 30. Utaona vidole vikihangaika kushika sakafu na kifundo kikitikisika huku na huku. Mtikisiko huo ndio mafunzo yenyewe, kwa sababu jeraha la kano huvuruga pia uwezo wa mwili kujua mguu umekaa vipi, na uwezo huo usiporudishwa mtu huteguka tena palepale. Nimeona wachezaji wengi mno waliokuja na kifundo kilichoteguka mara ya nne, na walichokosa baada ya mara ya kwanza ni zoezi hili la bure. Ongeza kusimama kwa ncha za vidole, kwanza kwa miguu yote miwili, kisha kwa mmoja.

Kuhusu mechi, tarehe isiwe ndiyo inayoamua. Utakuwa tayari utakapoweza kuruka kwa mguu mmoja mara kadhaa sawasawa na ule mzima, kukimbia ukizunguka kwa umbo la nane, na kusimama ghafla kisha kugeuka, yote bila maumivu na bila kifundo kuvimba kesho yake. Ukirudi, funga mkanda wa kifundo au plasta ya wanamichezo kwa msimu mzima, na umwoneshe kocha maneno haya.

SWALI: Mimi ni mpagazi wa Mlima Kilimanjaro, nakaa Marangu, nina miaka 34. Kupanda hakunisumbui kabisa, lakini tukianza kushuka kutoka kambi ya Barafu kwenda Mweka magoti yanawaka moto, na nyumbani nashuka ngazi kwa kujishikilia. Wenzangu hunipa vidonge vya diklofenaki kabla ya safari. Je, magoti yangu yamekwisha? (Mpagazi, Marangu)

JIBU: Ndugu yangu, pole na kazi. Kwa maelezo yako, magoti yako hayajakwisha. Kutoka kambi ya Barafu hadi lango la Mweka mnashuka karibu mita 3,000, na kushuka ni kazi ya aina yake. Unapopanda, msuli wa mbele ya paja hufupika ukiusukuma mwili juu. Unaposhuka, msuli uleule hulazimika kukaza huku ukirefuka ili kuzuia mwili na mzigo visiporomoke, na katika kuzuia huko mfupa wa mbele ya goti (pia ya goti) hukandamizwa kwa nguvu dhidi ya mfupa wa paja, hatua baada ya hatua, kwa saa nyingi.

Tofautisha maumivu ya aina mbili. Yale ya nyama za paja yanayoanza kesho yake, yakazidi siku ya pili na kuisha yenyewe ndani ya siku chache, ni uchovu wa kawaida wa msuli uliofanya kazi usiyoizoea. Maumivu ya mbele ya goti, yanayoamshwa na ngazi, kuchuchumaa au kukaa muda mrefu kwenye daladala, ndiyo yako, nayo hutokea pale kazi inapoongezeka upesi kuliko mwili unavyoweza kujijenga.

Hapa naomba utazame kalenda yako. Aprili na Mei, mvua za masika zinaponyesha, wageni hupungua na wapagazi wengi hukaa nyumbani. Juni inapoingia, unapewa safari mfululizo, kana kwamba mapaja yalikuwa kazini muda wote. Miezi hiyo ya mvua ndiyo ya kujijenga. Simama kwenye ngazi ya mlangoni kwa mguu mmoja, ushushe kisigino cha mguu wa pili taratibu kuelekea chini ukihesabu hadi tatu, kiguse ardhi kidogo tu, kisha upande tena. Tazama goti la mguu uliosimamia: lielekee usawa wa kidole cha pili, lisilalie ndani. Fanya mara 8 hadi 12 kila mguu, mizunguko mitatu, siku tatu kwa wiki. Zoezi likiwa jepesi, beba begi lenye kilo 5 za unga, baadaye 10. Ongeza kuketi na kuinuka kwenye kigoda bila kutumia mikono, na kusimama kwa ncha za vidole. Maumivu madogo wakati wa zoezi si hatari mradi yatulie kufikia kesho asubuhi. Yakizidi, punguza mzigo badala ya kuacha kabisa.

Mlimani kwenyewe, piga hatua fupi, goti likiwa limekunjwa kidogo, na kwenye mteremko mkali shuka kwa kukatisha pembeni. Fimbo mbili hupunguza mzigo unaoangukia magotini wakati wa kushuka, na sioni sababu ya fimbo kuwa za wageni pekee. Mzigo pia upimwe: kikomo ni kilo 20 kwa mpagazi, na anayekuongezea mfuko baada ya kupita mizani anauongeza juu ya goti lako. Jambo hili linaniuma, kwa sababu wanaokuja kwangu wakiwa na miaka 45 na magoti ya wazee ni wale waliobebeshwa mizigo begani na kichwani wakiwa vijana bila kupimiwa chochote.

Diklofenaki kabla ya safari iache. Inaficha maumivu ambayo yangekuonya, inachubua tumbo, na kwa mtu anayetoka jasho na kunywa maji machache inaweza kuumiza figo. Goti likivimba, likikwama lisikunjuke, au likikuachia ghafla ukiwa unatembea, hilo si suala la mazoezi kwanza, nenda likachunguzwe.

SWALI: Nilijiandaa kwa haraka na nusu marathoni ya Moshi. Tangu hapo, kano iliyo juu ya kisigino inakaza kila asubuhi. Hatua za kwanza kutoka kitandani nachechemea, kisha inalainika. Nimepumzika mara mbili hadi ikaacha kuuma, lakini kila nikirudi barabarani na yenyewe inarudi. (Dada mkimbiaji, Njiro, Arusha)

JIBU: Dada yangu, ulivyoeleza asubuhi zako umenirahisishia kazi: hiyo ni kano kubwa inayounganisha shavu la mguu na kisigino, nayo imezidiwa na mzigo. Njia ya mbio zile hupanda kuelekea Mweka na kurudi chini, na mwinuko huivuta kano hiyo zaidi kuliko tambarare uliyoizoea. Mapumziko yaliondoa maumivu lakini hayakuongeza nguvu hata chembe. Kamba ya katani ikitumika huchakaa. Kano iliyo hai, ikipewa kazi yenye kipimo, hukaza na kuimarika, na ikinyimwa kazi hudhoofika.

Mwaka 1998 Håkan Alfredson na wenzake wa Sweden walichapisha utaratibu ambao hadi leo ni msingi wa tiba hii. Simama ukingoni mwa ngazi kwa nusu ya mbele ya wayo, panda kwa ncha za vidole ukisaidiwa na mguu mzima, kisha uhamishe uzito kwenye mguu unaouma na ushushe kisigino polepole hadi chini ya usawa wa ngazi. Mara 15 kwa mizunguko mitatu goti likiwa limenyooka, na mingine mitatu goti likiwa limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Tafiti za baadaye zimeonesha kwamba mazoezi mazito ya taratibu, mara tatu kwa wiki, huleta matokeo yanayolingana, kwa hiyo kama kazi haikupi nafasi ya kila siku usikate tamaa. Usijipime kwa wiki ya pili. Kano hubadilika polepole sana. Maumivu yasiyozidi 5 katika kipimo cha 0 hadi 10 yanakubalika, mradi kesho asubuhi kano isiwe imekaza zaidi ya jana, na kwa kipimo hichohicho unaweza kuendelea kukimbia umbali mfupi kwenye tambarare.

Ukiandikiwa siprofloksasini, yaani dawa ya kuua bakteria, au dawa za jamii yake, mweleze daktari kuhusu kano yako, kwa kuwa dawa hizo zinaweza kuidhoofisha. Na siku ukisikia kishindo nyuma ya mguu, kama umepigwa teke na mtu asiyekuwepo, kisha ukashindwa kusimama kwa ncha za vidole, kano imekatika. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

SWALI: Nafundisha timu ya shule ya sekondari huko Usa River. Kabla ya mechi tunanyoosha misuli vizuri, hata hivyo kila msimu nina vijana wanaochanika nyama za nyuma ya paja. Tunakosea wapi? (Mwalimu wa michezo)

JIBU: Mwalimu, kunyoosha misuli mkiwa mmetulia bila kusogea hakuzuii majeraha kwa kiasi ambacho wengi wetu tulifundishwa. Msuli wa nyuma ya paja huchanika mara nyingi katika mbio za kasi, mguu unaporushwa mbele na msuli kulazimika kuusimamisha ukiwa umerefuka, kwa hiyo unahitaji nguvu katika urefu huo. Mchezaji apige magoti, mwenzake amshikilie vifundo vya miguu kwa nguvu, naye ajishushe mbele polepole, mwili ukiwa umenyooka kuanzia goti hadi kichwani, hadi atakaposhindwa kujizuia na kudaka ardhi kwa mikono. Timu zinazolifanya zoezi hili kwa uaminifu hupunguza majeraha hayo kwa karibu nusu. Anza na mara tano kwa mizunguko miwili, siku moja kwa wiki, mbali na siku ya mechi, la sivyo watashindwa kutembea kesho yake. Utaratibu wa FIFA 11+, unaochukua dakika 20 hivi na hauhitaji kifaa zaidi ya mpira, unajumuisha zoezi hili pamoja na ya usawa na ya kuruka. Ufanyeni angalau mara mbili kwa wiki.

SWALI: Nauza ndizi soko la Kilombero. Mgongo umeniuma miezi mitatu. Nimepigwa picha, nikaambiwa pingili zimesagika na nisibebe kitu tena maisha yangu yote. Nisipobeba mikungu, watoto wangu watakula nini? (Mama wa Kilombero, Arusha)

JIBU: Mama, pole sana. Kabla sijakutuliza, nijibu haya moyoni mwako. Je, mkojo au haja kubwa vinakutoka bila kujua, au mkojo unakataa kutoka? Je, sehemu za siri na katikati ya mapaja zimekufa ganzi? Je, mguu unazidi kulegea? Jibu likiwa ndiyo kwa lolote kati ya hayo, nenda hospitali sasa hivi, kwa sababu saa chache zinaweza kuamua kama utatembea. Na kama una homa za jioni, unatoka jasho usiku, umepungua uzito bila sababu, au mgongo unauma zaidi ukiwa umelala, mweleze daktari kila kitu, kwa kuwa kifua kikuu hushambulia pia uti wa mgongo, nacho kinatibika kikigunduliwa mapema.

Kama hayo yote hayapo, basi lile neno ulilopewa lina uzito kuliko picha yenyewe. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionesha kwamba kati ya watu wasioumwa mgongo hata kidogo, asilimia 37 ya wenye miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80 wana diski, yaani mito laini iliyo kati ya pingili, zilizochakaa kwenye picha. Kuchakaa huko ni sawa na mvi. Kumwambia mama anayelisha familia kwa mikono yake kwamba asibebe tena maisha yake yote, bila kumpima nguvu wala kumwonesha njia ya kurudi kazini, ni kumwongezea ugonjwa wa hofu juu ya maumivu aliyokuja nayo, na mtu mwenye hofu huukaza mgongo mchana kutwa hadi unauma zaidi.

Anza kwa kutembea dakika 10 asubuhi na jioni, ukiongeza kidogokidogo hadi 30. Nyumbani, lala chali ukiwa umekunja magoti, inua nyonga kutoka kwenye mkeka, hesabu hadi tano, ushushe. Mara 10, mizunguko mitatu. Kisha zoea kuinua tena, kwa kuanza na ndoo yenye maji ya lita 5, uishike karibu kabisa na mwili, na kila wiki ongeza kidogo. Sokoni, mkungu mkubwa ukatwe vichane kabla ya kuhamishwa, meza ya biashara iwe na kimo cha kiuno ili usiiname siku nzima, na usikae mkao mmoja zaidi ya nusu saa. Ikiwa baada ya wiki sita hujaona nafuu yoyote, fika idara ya fiziotherapia ya Hospitali ya Mount Meru na picha zako mkononi.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu wa Machame. Bega la kushoto lilianza kuuma bila kuanguka wala kugongwa, na sasa siwezi kuvaa koti wala kujikuna mgongo. Nina sukari kwa muda mrefu. (Mzee wa Machame)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Bega linalokaza lenyewe hivi huwapata zaidi watu wenye sukari, kwa sababu mfuko unaozunguka kiungo huvimba, kisha hunenepa na kusinyaa. Dalili yake kubwa ni kwamba hata mtu mwingine akijaribu kuuzungusha mkono wako kwa nje, haendi mbali. Hupita katika hatua za maumivu, kukaza na kulainika, na safari nzima yaweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu. Nakueleza hivyo ili mtu yeyote asikuvunje moyo, wala asiuvute mkono wako kwa nguvu akidhani anaufungua.

Wakati maumivu bado ni makali, inama kidogo ukiegemea meza kwa mkono mzima, uache ule unaouma uning'inie, na uuzungushe taratibu kwa duara ndogo. Maumivu yakipungua, lala chali, kiwiko kikiwa kimekunjwa na kugusa ubavu, shika fimbo kwa mikono yote miwili, na kwa mkono wa kulia sukuma ule wa kushoto uelekee nje hadi unapohisi mvuto, ukae hapo sekunde 20. Rudia mara kadhaa, asubuhi na jioni, baada ya kuoga maji ya moto. Sindano ya steroidi kwenye kiungo husaidia hasa katika hatua ya mwanzo, lakini hupandisha sukari kwa siku kadhaa, kwa hiyo pima sukari yako kwanza na daktari anayekutibu ajue kabla hujachomwa. Ukija kliniki ya Hospitali ya KCMC hapa Moshi, njoo na daftari la vipimo vyako vya sukari na uvae shati la vifungo, ili bega lipimwe bila kukuumiza wakati wa kuvua.